Mtani Aliyelala Mferejini

Nakumbuka asubuhi moja mtani wetu alipoingia ndani ya mfereji niliokuwa nauchimba, akatandika khanga, akalala chali na kukataa kutoka. Mwanangu, nimeona mengi, lakini nikiikumbuka asubuhi ile damu hunichemka kama ya kijana. Juzi pale ofisi ya kijiji, mlipobandika ukutani ramani ya kuchepusha mto, nilimwona tena akilini yule bibi amelala palepale. Nikacheka peke yangu. Mkadhani mzee kachoka. Sijachoka! Nimefurahi, tena mno, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyechaguliwa kwenye kamati ya mradi.

Shule mimi niliichungulia mlangoni tu. Darasa la nne, basi. Mashine yangu ya kukoboa mpunga pale Mikese sikuirithi, wala sikumpigia mtu magoti kuipata. Kwa hiyo nivumilie, sijui kuzungusha maneno.

Wakati huo mama yangu alikuwa na nyumba na shamba la mpunga kando ya mto, hapa chini ambapo milima ya Uluguru inaishia. Ardhi ya ukoo wake. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, hilo halihitaji mwalimu. Kila masika mto ulishuka na hasira ukaula ukingo. Masika yaliyotangulia ulibeba jiko zima na sufuria zake, ukaiacha nyumba imesimama mdomoni mwa maji. Mvua nyingine kama ile, na nyumba inakwenda. Nilimsihi mama ahame. "Wazee wangu wamelala hapa," akasema. "Nihame niende wapi?"

Basi nikaapa: kama mama hahami, mto utahama.

Nikakusanya vijana wenzangu, majembe na sururu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: tukate ukingo wa pili juu ya kona, mto wote ugeukie huko, kwenye tambarare. Sasa, huko tambarare kulikuwa na kitongoji cha Wanyamwezi, watu ambao wazazi wao walikuja kukata mkonge wakabaki. Watani zetu. Kijana mmoja akauliza, "Na watani je?" Nikajibu kwa mbwembwe, "Babu zao walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wajukuu watashindwa kubeba maji?" Walicheka mpaka majembe yakawatoka mikononi. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Mwisho wake unaujua.

Mjomba wangu, kaka yake mama na mwenye sauti ya mwisho katika ukoo, alikuja kutazama. Akaniuliza, "Umeutembea?"

"Nini, mjomba?"

"Huo mfereji. Umeutembea mpaka unakokwenda?"

Nikamwambia maji hufuata mkondo, yataijua njia yenyewe. Hakubishana nami. Alikunja suruali, akavuka mto, akaenda zake.

Kesho yake ndipo tulipomkuta Kalunde, bibi wa upande wa pili, amelala mferejini mikono kifuani kama maiti.

"Mtani, toka tufanye kazi!"

"Nitoke niende wapi?" akasema, macho kafumba. "Si mnachimba kaburi? Nimeliona refu, nikajua ni la kitongoji chetu kizima. Nimewahi nafasi nzuri."

"Jua litakuunguza, bibi."

"Marehemu haungui. Nyinyi mbega wa Uluguru mmezoea kukaa juu ya miti mkiwakojolea walio chini. Leo mmeshuka na majembe kabisa!"

Vijana wakaangua kicheko, safari hii wananicheka mimi. Nami ningefanya nini? Mtani hakasirikiwi, wala havutwi mkono. Msibani kwetu mtani huweza kuingia kaburini akagoma kutoka, na shughuli husimama mpaka akombolewe kwa kitu. Ndiyo mila, na bibi yule aliijua barabara.

"Haya sema, unataka jogoo?"

Akafumbua jicho moja. "Jogoo utanipa, lakini si wa kunitoa humu. Kitakachonitoa ni miguu yako. Nitembeze njia yote haya maji yatakayopita, mpaka yanapokwenda kulala. Tukifika mwisho ukaniambia ni sawa, nami nitashika jembe."

Tukaenda, mimi nimenuna, yeye anaimba. Mfereji wangu, ukiufuata kwa macho, ulikwenda moja kwa moja uani kwake, katikati ya mlango na jiko. Hakulalamika. Alisimama pale, akainama kwa adabu kama mwenyeji, akasema, "Karibu mtoni." Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Jiko la mama yangu lilikwenda na maji, na mimi nilikuwa nakwenda kulizoa jiko la mwenzangu!

Lakini hakuwa amemaliza. Akanipitisha kwenye bonde la matete ambako kambare huzaliana, kisha akanirudisha mtoni, chini ya nyumba ya mama. Akachota mchanga kiganjani.

"Kiangazi hapa hubaki nini?"

"Mchanga huu huu. Tunafukua, maji yanachuruzika, tunachota."

"Nani anachota?"

"Mama."

"Sasa mto wote ukihamia kwangu, mama yako atachota nini?"

Nilikuwa nimeupangia mto masika tu, nikasahau kwamba una kiangazi pia. Ningeiokoa nyumba ya mama, kisha nimuue kwa kiu ndani yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilitaka kumwingiza mama!

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza, na kazi ilikuwa tamu! Kalunde alikwenda kuwaita watu wake, tukachimba tukiwa kambi mbili, matusi ya utani yanaruka toka jembe moja hadi jingine. Pale mfereji unapoachana na mto tukapanga mawe yawe kizingiti, juu kuliko maji ya kawaida. Mto ukiwa mtulivu ubaki njiani mwake, kwenye mchanga wake. Ukifura tu ndipo uruke. Mfereji tukaupindisha mbali na kitongoji, ukamwage kwenye bonde la matete, na matete hatukuyagusa. Ukingoni tukapanda mianzi. Ila kuupindisha kulidai njia, na njia ilipita juu ya shamba langu la mahindi la ng'ambo ile, lile zuri. Nilimeza mate, nikakubali.

Masika yakaingia. Siku ile mto ulianza kunguruma mchana, mwekundu kwa udongo wa mlimani, unaviringisha magogo. Sote tulikuwa ukingoni, wao kwao, sisi kwetu, na mama amesimama mlangoni mwake hataki kutoka. Maji yakalipanda jiwe la kwanza, la pili. Kalunde anapiga kelele, "Mtani, toa kiti, mgeni anafika!" Yakafika jiwe la juu, yakasita kama mtu anayebisha hodi, halafu yakaruka! Yakageuka! Vigelegele vikalia pande zote mbili mpaka nikadhani mlima unaitikia. Nyumba ya mama ikasimama. Ya Kalunde ikasimama. Mahindi yangu yakaenda yote, mwanangu, hata bua la dawa halikubaki.

"Pole, mtani," Kalunde akaniita toka ng'ambo. "Leo mpagazi ni wewe!"

Baadaye nikamuuliza mjomba kwa nini hakunikataza. Akasema, "Mjomba ungemkunjia uso. Mtani huwezi. Unadhani nilivuka mto kwenda wapi?"

Sasa rudi kwenye ramani yenu. Mtaalamu alipotaja "tathmini ya athari kwa mazingira", niliuliza ni mnyama gani huyo. Akanieleza bila dharau kwamba ni kuangalia mradi utamgusa nani na utagusa nini, kabla jembe halijaingia. Nikaruka kitini. Kumbe ni Kalunde! Kalunde amepata jina la serikalini!

Basi nakuusia. Hiyo tathmini usiisome ukiwa umekaa. Itembee, na mguu wako uufuate mstari wa ramani mpaka maji yanapolala. Itembee masika, uitembee na kiangazi. Ukifika uani kwa mtu, ngoja akuambie "karibu mtoni", uone kama utathubutu kumtazama usoni. Walio chini yenu waiteni kwenye mkutano kabla ya kuchimba, si baada. Na kama mradi haumgharimu kitu hata mmoja wa wanaoutaka, uangalie mara mbili, maana gharama yake kuna mtu kabebeshwa.

Mola akupe miguu isiyochoka na sikio la kumsikia mtani. Mto ukishuka ukukute umeuwekea njia, na ukipungua ukukute una cha kuchota. Na siku mfereji wenu utakapofunguliwa, kutoka mlango wa juu hadi mlango wa mwisho kule chini, pasiwe na nyumba isiyopiga vigelegele.