Meza Niliyokataa Kuikata Miguu

Shule niliishia darasa la tatu. Useremala nilijifundisha mwenyewe, kwa kuchungulia wenzangu wakifanya kazi, na sijivuni bure: milango mingi ya hapa kwetu Rugenge ilitoka mikononi mwangu.

Miaka ya kwanza ya uhuru nilikuwa na ateliye, karakana yangu mwenyewe, na wanafunzi wanne. Sheria ilikuwa moja: kwangu hakuna kufanya kazi umekaa. Meza za kazi nilizipima kwa kiuno changu, na kila mwanafunzi alijipanga na kiuno hicho.

Siku moja akaja mwanaume kutoka Bwegera, anatambaa, miguu imekauka tangu utoto. Alikuwa na mchoro wa kiti kwenye karatasi, safi kuliko yangu yote.

“Papa fundi, unifundishe.”

“Utasimama namna gani?”

“Sitasimama. Kata meza moja miguu, nitafanya kazi nimekaa.”

Mwanafunzi mmoja akadakia, “Patro, bosi wetu, huyu tumlaze juu ya meza tumpige randa!” Wakacheka. Na miye nikacheka.

Yeye akaniambia, “Weye meza ulipima na mwili wako peke yako. Ungekuwa mfupi, hawa wote wangeinama.”

Yalinichoma. Mtu wa kutambaa anifundishe vipimo? Nikamwambia aende akashone viatu. Kazi ya msumeno ya dakika chache, nikamnyima.

Halafu uasi ukaja, tukakimbilia milimani. Tuliporudi, wengi walikuwa wamepoteza miguu. Mama mmoja alinipeleka kwa mume wake, akaomba kiti cha kukalia chooni. Nikatengeneza kwa kipimo changu, kama kawaida. Siku ya kwanza mume akaanguka nacho.

Nikapanda lori mpaka Bwegera. Nilimkuta yule mtu sokoni, anashona viatu kweli.

“Rudi,” nikamwambia. “Meza nimeikata.”

Hakuacha kushona. “Hamu ile nilikuwa nayo wakati ule, Papa. Sasa niko na watoto watatu na sindano hii.”

Lakini alinichorea kiti mavumbini: miguu imetanuka chini, mikono mirefu ya kujinyanyulia. “Na kimo,” akasema, “umuulize mwenyewe atakayekalia.”

Nikarudi, nikamuuliza yule mume, nikakitengeneza. Hakikuanguka. Watu wakaja kutazama, wakaagiza vingine. Waliponiuliza nani alikibuni, nilisema ni mimi.