Moto Husomwa kwa Nje

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikifumba macho naiona ikielea kama moshi juu ya kijiji chetu cha Wamaza. Nilikuwa kijana, mkubwa wa watoto wanne tusio na baba wala mama, na shule nilikwisha kuiacha. Wajomba walikuwa wametuambia kwamba mvua ikitukuta bila nyumba, watatugawana. Basi nikafyatua matofali, nikayapanga tanuru, nikaliziba kwa udongo, nikawasha.

Siku ya pili moyo haukutulia. Moto umefika katikati kweli? Nikatoboa ubavuni nichungulie. Hewa baridi ikaingia, na ndani nikasikia matofali yakipasuka moja moja, polepole, kama mtu anayevunja karanga usingizini.

Jirani yetu Mzee Kalonda, fundi wa matofali, akaja, akaziba tundu bila haraka. Aliniuliza kama mwenye mimba naye huwa nampasua tumbo ili nimsalimie mtoto. Kisha akasema, "Mutoto, moto iko inasema. Weka mukono ku ukuta, angalia moshi. Utajua ya ndani bila kuiharibu."

Yaliyopona yalitosha chumba kimoja. Tulilala humo wote wanne, na hakuna aliyechukuliwa.

Salima, kitindamimba wetu, leo yuko ng'ambo, kwenye mtambo ambamo gesi huwaka kupita joto la jua. Moto ule haugusi ukuta. Nguvu ya sumaku imeuzunguka na kuushika ukielea. Kazi ya Salima ni kujua nguvu hiyo imejipinda vipi humo ndani. Nilimwuliza kwenye simu kwa nini wasitumbukize chuma wapime.

Akacheka, akaniita kama tunavyomwita ndugu mkubwa. "Yaya, bado uko unatoboa tanuru?"

Chuma kingeyeyuka, akaniambia, na moto wenyewe ungevurugika. Wao hupitisha mwale wa mwanga katikati, kisha hupima umegeuka kiasi gani unapotokea upande wa pili, na hapo huijua nguvu ile ilivyojipinda. Simu sikioni, niliuona mwale ule ukipita motoni bila kuungua.

Mwanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Yako mambo yanayojulikana kwa kukaa karibu nayo, si kwa kuyabomoa. Ndugu yako akinyamaza na huzuni yake, usimchimbe. Mpe neno la upole, kisha sikiliza linavyorudi. Mungu akujalie mkono mtulivu, na walio wako wasitawanyike kamwe.