Mlango Usiofunga

Kabla moyo haujaniharibikia nilikuwa mwanamke wa kuogopwa kisimani. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na mikono, na miguu ya kwenda nilikuwa nayo. Jina langu Mwanatumu, mzaliwa wa Gazi. Niliolewa upande wa Ramisi na Bakari, aliyefanya kazi kwenye matanuri ya kiwanda cha sukari na kurudi nyumbani akinuka miwa iliyoungua. Nikitwanga, majirani walinijua kwa mlio wa mchi. Nikisuka ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonewa mikeka, vidole vyangu vilikwenda na macho yangu yakitazama mambo ya watu. Siyasemi haya kwa kujisifu, ingawa sifa hazinichukizi. Nayasema ili mjue kilichoanguka kilikuwa kimesimama wapi.

Utotoni niliwahi kulala kwa homa, magoti na viwiko vimevimba, hata shuka ikinigusa napiga kelele. Mama aliiita baridi yabisi. Alinikanda kwa mafuta ya nazi, nikainuka, tukasahau. Ugonjwa wenyewe haukusahau.

Mwaka Malkia wa Waingereza alipotawazwa nilimzaa binti yangu Mejumaa. Alikuwa bado hajajua kukaa siku nilipokuwa nateka maji nikahisi kitu kimeruka kifuani. Kiliruka, kikanyamaza, kikaruka mara nyingi bila mpango, kama samaki aliyetiwa kikapuni angali hai. Kamba ilinitoka mkononi na ndoo ikarudi kisimani. Wanawake walicheka. Walikuwa na haki ya kucheka, maana mimi niliwacheka wengi pale.

Tangu siku hiyo moyo haukutulia. Miguu ilivimba hata nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilikohoa mate yenye wekundu. Sikuweza kulala chali, nililala nimeketi, nimeegemea ukuta kama gunia. Lakini niwaambie ukweli: moyo ulinitesa kidogo, hofu ndiyo iliyonitesa sana. Moyo ukiruka mara moja, hofu inaruka mara kumi. Niliogopa kuoga peke yangu nisije nikafia bafuni uchi. Niliogopa kumbeba mtoto nisianguke naye. Niliogopa kuswali, kwa kuwa nikisujudu nasikia mdundo masikioni. Kutwa nilishika kifundo cha mkono nikisikiliza mshipa, na kila ukikosa pigo jasho la baridi lilinitoka kwapani hadi kiunoni.

Mavyaa wangu, mamake Bakari, alinitazama akasema, "Ajabu ya maradhi haya, hayaji wakati wa kula."

Bakari hakuwa mtu mbaya wakati huo. Alinipeleka hospitali ya serikali. Daktari Mzungu alinisikiliza kwa mpira wake mbele na nyuma, akaniambia nikohoe, nipumue, ninyamaze. Kisha alizungumza Kiingereza kingi, na dresa, msaidizi wake, kijana wa bara aliyevaa kaptura nyeupe, akamgeukia mume wangu kumfasiria. Maneno yake nayakumbuka yote, kwa sababu baadaye niliyasikia yakirudiwa nyumbani kama mashtaka.

"Mzee, moyo ya bibi yako imetoka njiani. Haitulii. Inaruka-ruka, sasa hapa, sasa pale. Tena ndani iko mlango, na hiyo mlango haifungi. Imekuwa hivyo tangu zamani, kabla wewe hujamuoa."

Mimi nilifahamu ni ugonjwa, maana nilikuwa nao kifuani. Bakari aliyasikia kwa masikio ya mume. Kwetu sisi, moyo wa mwanamke ukitoka njiani, watu hawaulizi dawa, wanauliza jina la mtu.

Aliuliza neno moja tu, kwa sauti ndogo. "Na Mzungu amejuaje?"

"Amesikia kwa mpira," dresa akajibu. "Hii mpira haidanganyi."

Tulirudi juu ya lori la miwa bila kuongea. Nilidhani amenyamaza kwa huruma, nikamgusa bega. Aliuondoa mkono wangu kama anayeondoa sisimizi.

Nyumbani alimweleza mamake, na mamake akawaita shangazi wawili wa Bakari. Walinikalisha mkekani, mkeka niliousuka mimi. Mavyaa aliuliza, "Ni nani?" Nikasema ni ugonjwa. Akasema, "Ugonjwa tumeambiwa. Tunauliza jina."

Niliapa kwa Mungu. Niliapa kwa mtoto. Hapo mavyaa akapata shauri ambalo mpaka leo likinijia nacheka kwanza, halafu meno yanakazana. Alitia mkono ndani ya kanga yangu, akauweka chini ya titi la kushoto. Alisema, "Kama mpira wa Mzungu haudanganyi, na mkono wangu haudanganyi. Nitataja wanaume. Moyo ukiruka kwa jina, ndiye."

Akaanza kuwataja. Kwa jina la muuza mafuta ya taa, uliruka. Kwa mshona viatu, ukatulia. Kwa mwadhini wetu, kipofu wa miaka mingi, uliruka mara mbili. Shangazi mmoja akasema astaghfirullah. Mavyaa akaendelea, sasa ameshikwa na uchu, akataja mpaka jina la marehemu mumewe, baba mkwe wangu aliyekuwa kaburini kabla mimi sijafika nyumba ile. Moyo ukaruka kama umeitwa.

Aliutoa mkono haraka. Nilidhani sasa ataona upuuzi wake. Aliwageukia wenzake akasema, "Hata maiti hakumsaza."

Bakari aliniacha jioni ile. Talaka haikuniumiza kama neno lililofuata. Mavyaa alimtwaa Mejumaa begani na kusema, "Huyu hatanyonya tena moyo ulio wazi." Mtoto alikuwa analia njaa. Maziwa yalinitoka yenyewe yakalowesha kanga, mbele ya shangazi wawili, nami nikaondoka hivyo hivyo.

Kwetu Gazi alikuwapo kaka yangu Mwinyi na mkewe. Walinipokea vizuri, lakini mwili ulikuwa umekata tamaa. Matiti yaliwaka moto kisha yakakauka. Tumbo lilijaa maji, midomo ikawa rangi ya zambarau. Mwinyi alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akanirudisha hospitali ileile, kwa kuwa nyingine haikuwapo.

Walinipiga sindano ya kukojoza. Nilikojoa siku nzima, mkojo ukifuatwa na mkojo, mpaka muuguzi akaacha kuondoa chombo akakaa nacho karibu. Walinipa vidonge vidogo vyeupe vya kuufunga moyo kamba. Mwanzoni vilinizidi. Nilitapika nyongo, na kila kitu nikakiona cha manjano: shuka, ukuta, hata huyo Mzungu. Wakapunguza, rangi zikarudi.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke wa Kinango anayeitwa Mbeyu, mfuga mbuzi, mwenye tumbo la maji kubwa kuliko langu na ulimi mkali kuliko wangu. Alinitazama nilivyoshika mshipa wangu kutwa, akanipiga kofi mkononi.

"Achilia. Hata mwizi hashikwi hivyo."

"Naogopa utasimama."

"Ukisimama utakuambia? Ukifa hutasikia kitu. Unausikia unagonga, na bado walia! Mimi mbuzi wangu akilia najua yuko hai. Akinyamaza ndipo naamka."

Nilimchukia. Lakini neno lake lilikaa. Nilimwomba mke wa kaka aniletee miyaa, na moyo ulipoanza vituko vyake nilisuka ukili. Mwanzoni kila pigo lililokosekana lilinifanya nikose na mshono. Mbeyu alikuwa akitazama. "Umeharibu hapo. Fumua." Nikafumua. Nikajiwekea sharti: moyo uruke utakavyo, ni wake, lakini mkono usiruke. Hofu ikija haikukuta mahali pa kukaa, maana mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa na kazi. Ilizunguka-zunguka, ikachoka. Sisemi iliondoka. Nasema ilichoka kabla yangu, na hilo lilinitosha.

Mbeyu alikufa adhuhuri moja, kati ya uji na chakula, katikati ya kunikaripia. Alisema, "Upande wa kulia umelegea," na mimi nilipotazama upande wa kulia akawa hayupo. Walimfunika. Moyo wangu uliruka vibaya kuliko siku zote. Nikafumua upande wa kulia, nikausuka upya huku nalia kwa sauti.

Nilipopata nguvu za kusimama nilimvamia yule dresa. Nilimweleza maneno yake yalivyofika nyumbani, na nilichopoteza. Aliweka sinia chini.

"Mama, mimi nilisema mlango. Sikusema mlango hiyo."

"Basi njoo uwaambie ni upi."

Tuseme alikuwa na haya, maana alikuja. Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli mpaka Ramisi. Mimi na Mwinyi tulikuja na kikapu, na ndani ya kikapu moyo wa ng'ombe. Bakari, mamake na shangazi wale wawili walikuwa barazani. Nilisema, "Shikamoo mavyaa." Hakuitikia. Dresa aliupasua moyo juu ya jani la mgomba, akafunua ndani vile vijinyama vyembamba vyeupe, vimefungwa kwa nyuzi kama pazia.

"Hii ndio mlango. Damu ikipita, inafunga. Ya huyu mama iliharibika kwa homa akiwa mtoto. Haifungi. Kwa hivyo moyo inachoka, inaruka-ruka. Hakuna mwanamume hapa ndani. Iko damu tu."

Bakari alitazama lile jani, akanitazama, akatazama miguu yake. Shangazi mmoja alianza kulia, yuleyule wa astaghfirullah. Mavyaa aliinama akatia kidole katika mlango wa moyo wa ng'ombe, akakitoa, akakitia tena. Mwishowe akasema, "Nyama hii isiharibike, leteni chumvi."

Hakuna aliyeniomba radhi. Mwinyi ndiye aliyesema, "Tumemfuata mtoto. Mtoto mchanga ni wa mamake, na mkitaka kadhi, twendeni sasa hivi." Mavyaa aliingia ndani akatoka na Mejumaa, aliyekonda, mwenye ukurutu kichwani. Mwanangu aliniona akapiga kelele akamshika bibi yake shingoni. Mavyaa alimbandua kidole kwa kidole, akaniwekea mapajani.

"Mchukue," akasema. "Akuzike."

Hapo moyo ulikwenda mbio na kujikwaa, nikaona giza pembeni mwa macho. Sikuwa na ukili. Nilishika vinywele vichache vya mwanangu, pale pasipo na ukurutu, nikavisuka polepole mpaka giza likaondoka. Alilia njia nzima mpaka Gazi. Alilia siku nyingi. Maziwa sikuwa nayo tena, nilimpa uji, na alinizoea kama mtu anavyozoea dawa.

Bakari alikuja Gazi baadaye, eda yangu imekwisha zamani, kanzu safi na halua mkononi. Alisema shetani aliingia kati. Alitaka tufunge ndoa upya.

Nilimwambia, "Bwana Bakari, daktari alisema ndani yangu kuna mlango haufungi, na ni kweli. Lakini ule wa nyumba yako unafunga vizuri sana, nao ulinifungia nje." Halua tuliila.

Sikupona, msidanganyike. Vidonge nameza hadi leo, maji mengi siteki, ngazi sipandi, na nikisikia harufu ya miwa inayoungua moyo unakwenda kombo. Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka yangu kwa mgongo wake. Namshukuru Mbeyu, ambaye hakuwahi kuniambia neno zuri. Wewe unayeshika mshipa wako sasa hivi huku unasoma, achilia. Tafuta kazi ya mikono ambayo ukikosea inaonekana, uifumue, uanze tena. Na ukienda hospitali usiridhike na maneno, uliza: mlango upi?

Limebaki moja. Mwaka jana, Mejumaa akiwa ameshaanza chuo cha Kurani, zilikuja habari kwamba bibi yake wa Ramisi amefariki kwa homa. Nilimpeleka mtoto. Waoshaji walikuwa wachache, wakaniuliza kama mikono yangu inaweza. Nikasema mikono haijawahi kunishinda.

Tulimwosha chini ya shuka, kwa maji ya mkunazi. Nilipofika kifuani, wenzangu walikuwa wamegeuka kuchota maji. Niliweka kiganja chini ya titi lake la kushoto, palepale alipowahi kuniwekea mkono wake. Moyo wangu ulikuwa unaruka-ruka kama kawaida yake, nausikia mpaka kooni. Nilitaja jina moja tu kwa sauti ndogo, jina langu.

Wake ulinyamaza. Nikaendelea kumwosha.