Pembe Nne za Dirisha

Kwenye karakana ya ndege ndogo walimwita Fundi Taratibu, na jina hilo hakupewa bure. Ukishika bisibisi mbele yake ukakaza skrubu ya dirisha kwa nguvu, atakugusa bega na kukuambia, taratibu, hiyo si boliti ya lori. Maana dirisha la ndege ndogo, hasa ndege kongwe kama ile ya viti sita aliyokuwa akiitunza, si kioo hata kidogo. Ni plastiki ngumu inayotanuka jua likiwaka na kunywea ndege ikifika juu kwenye baridi. Ukiibana sana inakosa pa kutanukia, na ikikosa pa kutanukia hupasuka. Kwa hiyo mama huyu alikuwa na mtindo wake: tundu analitoboa kubwa kidogo kuliko skrubu, anakaza mpaka ishike, kisha anairudisha nyuma mzunguko mmoja. Kaza, legeza. Wenzake walimtania kwamba hata mlango wa nyumbani kwake anaufunga hivyo hivyo.

Ila kwenye kuita, plastiki au si plastiki, wote pale waliita vioo. Rubani aliita vioo, mkuu wa karakana aliita vioo, na Fundi Taratibu mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliita vioo. Mazoea yana taabu.

Miezi michache nyuma alikuwa ameibadilishia ndege hiyo madirisha yote ya abiria. Ya zamani yalikuwa yamefifia kiasi kwamba abiria waliona mawingu hata siku ambayo anga halina wingu. Akatoboa, akapachika, akakaza, akalegeza, dirisha moja baada ya jingine. Alipofika la mwisho, la nyuma upande wa kushoto, simu ikalia mfukoni. Binti yake amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza! Fundi akaweka bisibisi chini, akalia kidogo, akacheka kidogo, akamwonyesha kila aliyekuwa karibu ile picha iliyoingia kwenye simu, halafu akarudi kumalizia kazi.

Kukaza, alikumbuka. Kama alilegeza pia, hakukumbuka kabisa. Lakini siku ile jambo hilo halikumsumbua, kwa sababu siku ile hakukuwa na kitu duniani ambacho kingeweza kumsumbua.

Lilikuja kumsumbua siku rubani alipotua, akazima injini, na badala ya kwenda kunywa chai yake akaja moja kwa moja kumtafuta yeye. Rubani huyo ni mtu mpole asiyependa kumtia mwenzake hofu, kwa hiyo alianza kwa kuuliza habari za nyumbani, na fundi akajua hapo hapo kwamba kuna jambo. Abiria mmoja, muuguzi, alikuwa ameuliza njiani kama dirisha la kando yake limechorwa maua makusudi. Wakaenda kuangalia pamoja. Lilikuwa lile la nyuma, kushoto. Katikati yake nyufa nyembamba zimetanda kama utando wa buibui, na mmoja umeanza kurefuka. Dirisha la mbele yake nalo lilikuwa na dalili zile zile.

Fundi akalitambua mara moja. Katika madirisha yote, ufa umekwenda kuchagua dirisha la mjukuu.

Hakungoja kuulizwa. Alimwendea mkuu wa karakana ofisini, akamweleza habari ya simu, ya furaha, na ya skrubu asizozikumbuka.

"Kama ni mkono wangu, naweka zana chini," alisema. "Nikisahau leo dirisha, kesho nitasahau nini? Watu wamekaa pale na watoto wao."

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Ndege haitaruka, akasema, na yeye fundi asiguse kitu. Mganga hajigangi. Kesho atakuja fundi wa karakana ya jirani, afungue skrubu moja moja, aseme atakachokiona. Neno lilikuwa la haki, na fundi alijua ni la haki, lakini haki nayo ina usiku wake mrefu wa kuisubiri.

Nyumbani alimkuta mume wake, Baba Pacha, ameshaandaa meza. Mzee huyu aliendesha lori maisha yake yote, na tangu astaafu hajui kukaa. Ndiye anayepika, ndiye anayefagia, na mchana ndiye anayempelekea mkewe chakula karakana, hata walinzi wa geti wamechoka kumwuliza anakwenda wapi. Jioni ile alizungumza peke yake. Mkewe aliitikia mmh na mmh, akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Binti alikuwa ametuma picha mpya ya mtoto, na fundi hakuweza kuifungua. Aliona kama kwamba akiitazama ile sura, ataona skrubu.

Baba Pacha akaondoa vyombo, akaanza kufuta meza. Na hapa lazima niseme jambo ambalo limeleta ugomvi katika nyumba ile kuliko jambo lingine lolote. Mzee anafuta kwa mduara. Anaanzia katikati, anazungusha kitambaa, duara linakua na kukua, halafu anaridhika anaacha. Pembe za meza hazijawahi kuonja maji mkononi mwake. Ukimwuliza anasema pembeni hakuna anayekula. Kwa kawaida mkewe angemfokea. Jioni ile alikuwa ameinamisha kichwa tu, anatazama meza bila kuiona: katikati duara linalong'aa kwa maji, na pembe nne kavu.

Pembe nne.

Akainua kichwa polepole. Ufa wa skrubu iliyobanwa huanzia tunduni, na matundu yote yako pembeni mwa dirisha. Zile nyufa alizoziona mchana zilikuwa katikati, za duara, na pembe zote nne zilikuwa safi. Macho yake yalikuwa yameona, ni hofu tu iliyomziba.

"Baba Pacha," aliita kwa sauti ndogo, "uliwahi kufuta vioo vya ile ndege?"

Uso wa mzee ukachanua. "Ndiyo kwanza unaona? Nimesubiri unishukuru mpaka nikakata tamaa."

"Ulifutia nini?"

"Ile dawa yangu ya vioo, ya bluu. Si ulikuja hapa unalalamika vumbi la uwanjani limekushinda, vioo havitamaniki? Nikaona nikusaidie. Nimefuta viwili, vya upande wa kivulini, dawa ikaisha."

Fundi alijishika kichwa kwa mikono miwili na kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mumewe, ambaye hakuona kichekesho kilipo, akabaki amesimama na kitambaa. Ile dawa inang'arisha kioo cha lori mpaka ndege wa angani wanakigonga. Ukiipaka kwenye plastiki inaila polepole, na baada ya wiki kadhaa plastiki inaanza kuchanika yenyewe. Kila fundi wa ndege anajua. Lakini nani alimwambia mzee kwamba ni plastiki? Mkewe, fundi mwenyewe, kwa kinywa chake, alimwambia ni vioo.

Alipoelezwa, Baba Pacha aliketi.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna hata mmoja."

"Nitakwenda kusema mwenyewe," alisema mzee. "Usinisemee."

Asubuhi alivaa shati la kutokea, akasimama mbele ya mkuu wa karakana, akasema yote bila kupunguza: dawa, kitambaa, na nia yake. Mkuu alianza kukunja uso kama mtu anayejiandaa kugomba, na hapo rubani, aliyekuwa mlangoni, akakohoa. Alikiri kwamba siku ile alimwona mzee juu ya kistuli anafuta, akampa pongezi kwamba vioo vimetakata. Mkuu akamtazama rubani, akamtazama mzee, kisha akashusha pumzi na kusema kwamba hata yeye alipita, akasalimia, akaenda zake. Ikaonekana karakana nzima ilimwona mzee akiharibu ndege na wote wakamshukuru, isipokuwa mkewe tu, ambaye ndiye aliyekusudiwa.

Lakini kwa Fundi Taratibu jambo halikuwa limekwisha. Dawa imeeleza nyufa, sawa. Haijaeleza mkono wake. Bado zilikuwepo zile skrubu za dirisha la mwisho, na siku ile ya simu.

Fundi wa jirani alifika, mzee wa maneno machache. Akapiga magoti kwenye dirisha la nyuma na kuingiza bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Fundi Taratibu alisimama nyuma yake, mikono mifukoni. Mumewe alisimama kando yake.

"Imelegezwa," alisema fundi wa jirani.

Akaenda ya pili. Imelegezwa. Akazunguka dirisha zima hivyo, bila haraka, kila skrubu neno lile lile, mpaka akafika ya mwisho pembeni chini. Aliigeuza, akageuka kumtazama mama aliyesimama nyuma yake.

"Zote. Mzunguko mmoja mmoja. Nani kakufundisha wewe?"

Moyo wa Fundi Taratibu ukarudi mahali pake. Kumbe mkono ulikuwa unajua. Siku ile kichwa kilikuwa hospitali kwa binti yake, macho yamejaa machozi, na mkono ukaendelea na kazi yake kama kawaida: kaza, legeza. Alikuwa amejihukumu bure. Furaha ilimpanda mpaka akahitaji kuegemea bawa, na hakuona haya kufanya hivyo mbele ya watu.

Mkuu akaagiza madirisha mawili mapya, na akatoa amri kwamba kuanzia leo neno vioo halisemwi pale, ni plastiki. Amri hiyo haikufika mchana. Rubani alikuwa wa kwanza kuivunja, na mkuu mwenyewe wa pili. Baba Pacha aliomba apewe adhabu, akapewa ndoo ya maji, sabuni laini na kitambaa cha pamba ili aoshe madirisha yaliyobaki. Aliyaosha kwa mduara, kama kawaida yake. Kisha akasita, akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, akaingiza kidole ndani ya kitambaa na kufuta pembe, moja baada ya nyingine.

Fundi wa jirani alikuwa anafunga mkoba wake aondoke. Fundi Taratibu akamwomba angoje kidogo. Akatoa simu mfukoni na kuifungua ile picha ambayo hakuwa ameifungua tangu jana. Akaitazama kwanza yeye mwenyewe, kwa muda. Kisha akamsogezea fundi wa jirani.

"Umeniuliza nani kanifundisha," alisema. "Huyo simkumbuki. Lakini aliyetaka kunisahaulisha ni huyu hapa."