Unga wa Muhogo Ndani ya Tairi

Dada yangu mkubwa alipofiwa na mumewe, baiskeli ya shemeji ilitundikwa kwenye msumari sebuleni, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Ni baiskeli ya mbio, ya tairi nyembamba, ambayo shemeji alipandia vilima vya Bukavu kana kwamba anafukuzwa. Mvua zikaja, zikapita. Kisha Jumamosi moja dada akanipigia simu: nije niitengeneze, kesho anataka kuiendesha hadi kando ya ziwa, Ibanda. Isiposhika upepo, akasema, ataigawa, maana amechoka kuitazama.

Mipira ya ndani haikushika upepo tena, nikazunguka mji mzima kutafuta mipya, na mimi si mtu wa subira. Muuzaji wa kwanza alinipa ile minene ya baiskeli za mizigo, eti nitaikunja tu itaingia. Wa pili alikuwa na saizi yangu, lakini mdomo wa kujazia upepo ulizidi tundu la ringi, akajitolea kulipanua tundu kwa drili. Nilimwambia aanze na pua yake. Mwishowe nikapata mipira inayolingana na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, yenye mdomo mwembamba. Niliijaza kidogo nikaizamisha kwenye beseni la maji palepale, na haikutoa povu.

Dada aliniletea vijiko vya kung'olea tairi. Nikavikataa, kwa sababu vijiko hutoboa mpira kabla hata haujasafiri, nikatumia vidole gumba hadi vikaniuma. Mpira wa zamani ulikuwa umegandamana na tairi. Nilipouvuta, ulitoka na magamba meupe kama ukoko wa sufuria. Mpira wa ndani hupakwa poda usishikane na tairi, lakini hii haikuwa poda. Dada akasugua kipande, akakinusa.

"Ni bunga ya muhogo," akasema polepole. "Kumbe ni yeye alikuwa anaiba bunga yangu. Kila siku ananiambia ni panya."

Kisa hicho tulikijua sote. Dada alifikia kununua mtego, na shemeji mwenyewe ndiye aliyeutega kila jioni, uso umejaa huruma. Na unga wake, maji ya mvua yalipoingia, uligeuka ugali ndani ya tairi. Dada akaanza kucheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mazishi, na nilifurahi mno. Alicheka hadi akalia, nikamwacha alie.

Tukakwangua tairi, nikapapasa ndani kutafuta miiba, nikapaka poda ya watoto. Mipira niliitia ikiwa na upepo kidogo isijikunje, nikakagua kotekote kwamba haikubanwa. Kabla sijafunga gurudumu la mwisho, dada akaenda jikoni, akarudi na unga kwenye ncha za vidole, akaunyunyiza ndani. Nilimkaripia kwamba mvua ikinyesha tutakwangua ugali tena.

"Acha, mudogo," akasema. "Tutakwangua."

Jumapili mvua ilimkuta njiani, nami nilikaa karibu na simu nikingoja aniite nikamchukue. Hakupiga. Jumatatu nilipopita kwake, baiskeli ilikuwa imeegemezwa mlangoni, ina matope, tairi zote mbili ngumu. Pale sebuleni, kwenye msumari wake, dada alikuwa ametundika mtego wa panya.