Ua la Niyonsaba katika Ua wa Bazilio

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua maharage, mwanangu Claude amelala mgongoni, Bazilio alipomwambia Niyonsaba: "Shemeji, katika ua huu hupandi kitu cha kudumu. Ukitaka kupanda, panda kwenye kopo, kama mlivyozoea kwenu."

Akacheka peke yake. Niyonsaba alikuwa ameshika jembe. Akaliegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaingia ndani. Aliyekasirika ni mimi. Nilichambua maharage mpaka nikaanza kutupa mazima na kubakiza mabovu.

Niyonsaba ni jirani yangu hapa Kitahana, Kibondo. Tumejifungua msimu mmoja, yeye Deborah, mimi Claude. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa watoto. Leo ni Watanzania, wanalima Nyakitonto, upande wa Kasulu, na mihogo yao inashinda ya wengi wanaowaita wakimbizi mpaka sasa. Lakini mama yake, Ndayikunda, hapandi ua ardhini. Nyumba yake imezungukwa na makopo, yale ya bati ya mafuta ya mgao wa kambini. Mchaichai kwenye kopo, waridi kwenye kopo, hata pilipili. Nilimuuliza Niyonsaba kwa nini, akasema: "Mama alihamishwa sana. Kila akipanda ardhini anaambiwa ondokeni kabla hajaona ua. Akaamua kupanda kitu anachoweza kukibeba kichwani."

Alipoolewa na Fidele, mdogo wake Bazilio, mama yake alimpa mche wa bogenvilia, lile ua la kutambaa lenye miiba na rangi ya zambarau, ukiwa ndani ya kopo. Akamwambia: "Mimi nimekuanzishia tu. Ukifika, lipande ardhini. Wewe una kwako."

Sasa Fidele akaenda machimboni Geita kabla hata shimo la kupandia huo mche halijachimbwa. Huku nyumbani akabaki kaka mtu, na kaka mtu ana woga wake. Hapa kwetu kila mtu anaujua. Maharage unapanda, unavuna, hakuna neno. Lakini kitu kinachobaki ardhini mwaka hadi mwaka ni ushahidi. Kesho mke wa Fidele atasimama mbele ya watu aseme hapa ni kwangu, hamuoni bogenvilia yangu? Basi Bazilio akaona heri likae kwenye kopo, siku yoyote liondoke na mwenyewe.

Likakaa kwenye kopo, kwenye baraza, mbele ya ukuta wa tofali za kuchoma. Kiangazi kikaja.

Mwaka huo jua la Septemba halikuwa la kawaida. Kibondo ni juu, tumezoea upepo, lakini upepo wenyewe ulikuwa kama unatoka jikoni. Majani ya bogenvilia yakaanza kulegea mchana, kingo zikakauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Niyonsaba akaongeza maji. Yakalegea zaidi. Akaongeza tena, mpaka majani ya chini yakageuka manjano.

Wanawake wa kisimani wakapata la kusema. "Mama Deborah, hilo ua linaliwa?" "Muache, analimwagilia lije limwoshee vyombo." Bazilio akasikia, akafurahi, akaanza kulirudia kila akipita barazani: "Linaliwa hilo?"

Siku moja saa saba mchana Claude alitambaa akashika lile kopo, akalia. Nikaligusa. Lilikuwa la moto kama sufuria ya ugali. Nikaingiza kidole kwenye udongo: umelowa, na moto vilevile. Nikamwambia, "Sha, mwenzangu, hili ua halina kiu. Mizizi inachemka. Unaipikia supu." Upande wa kopo ulioelekea ukutani ndio matawi yake yalikuwa yamekauka kwanza. Kumbe jua linalipiga kwa mbele, na ukuta unalichoma kwa nyuma.

Tukalihamisha tukaliweka mbali na ukuta, juu ya tofali mbili ili lisilale kwenye saruji. Tukalivika gunia lililoloweshwa. Kwa juu Niyonsaba akatengeneza kibanda cha majani makavu ya mgomba, jua liingie kidogo tu. Maji akawa anatia alfajiri, na tena pale tu kidole kikikuta udongo mkavu. Likaacha kudondosha majani.

Nilitoka kwenda kliniki na mtoto. Niliporudi, kopo liko palepale ukutani, limevuliwa gunia. Bazilio alikuwa anaosha pikipiki yake kwa gunia hilo.

"Lilikuwa njiani," akasema, mimi hata sijauliza. "Na gunia ni langu."

"Na kivuli je? Nacho kilikuwa chako?"

"Mama Claude, wewe una kwako. Nenda kwako."

Niyonsaba akalirudisha. Kesho yake likakutwa ukutani tena. Akalirudisha. Hakugomba, hakununa, na hilo ndilo lililonitesa mimi. Nilitamani agombe. Akampigia Fidele, simu ikiwa na sauti kubwa ili na mimi nisikie. Fidele akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mke wangu, usigombane na kaka. Si ua tu?"

Niyonsaba akakata simu. Nilimwona anautazama ukuta, halafu kopo, halafu ukuta. "Ua tu," akasema. Akachukua msumari na jiwe, akamfunga Deborah mgongoni, akaniambia, "Njoo unishikie."

Nikalilaza kopo ubavu. Yeye akapanua matundu ya chini, yale ya kutolea maji, kila moja mpaka likaingia kidole gumba. Nilielewa. Halafu akaenda kwenye kona ya ua, nyuma ya migomba ambako kivuli kinafika mapema, akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu kama imechomwa, lakini chini kidogo ikawa na ubaridi. Nikaingiza mkono, nikatamani nikae humo mimi. Akalishusha kopo lote shimoni, udongo mpaka kwenye mdomo, akafunika kwa nyasi kavu.

Bazilio alipoona alikuja mbio. "Nilisema usipande."

"Sijapanda, shemeji. Limo kwenye kopo."

"Kopo limo ardhini."

"Ulisema nipande kwenye kopo. Hukusema kopo likae wapi."

"Ua huu ni wa baba yetu."

"Na ua hili ni la mama yangu," akasema Niyonsaba, sauti ileile ya kumwambia mtu karibu chakula.

Bazilio akaenda kumleta Melkiadi, mwenyekiti wa kitongoji. Melkiadi akachutama, akafukua nyasi, akagonga mdomo wa kopo kwa fimbo. Likalia. "Hili ni kopo," akasema. "Bazilio, wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kwenye kopo."

"Basi mbona kakutii? Mimi nilikuwa nakula." Akainuka anajifuta magoti. Watu waliokuwa nje ya wigo walicheka, na safari hii hawakumcheka Niyonsaba. Bazilio akasema mvua ikianza litolewe, kwa kuwa sababu ni jua, na jua litakuwa limekwisha. Melkiadi akakubali. Mimi nilichemka. Niyonsaba akasema tu, "Ego," yaani ndiyo, akaenda kupika.

Siku za joto zilizobaki zilikuwa mbaya zaidi ya zilizopita. Kabichi za wengine bondeni ziliungua. Lile ua, kichwa chake kilikuwa kikisinzia mchana na kuamka jioni. Kulipotanda mawingu ya kwanza lilikuwa limetoa machipukizi mekundu, laini kama masikio ya mtoto mchanga.

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake Bazilio akaja. "Mvua hiyo, shemeji."

"Litoe."

Akashika mdomo wa kopo, akavuta. Halikutoka. Akatanua miguu, akavuta kwa nguvu, miiba ikamchana mkono, kopo halikusogea hata kidogo. Mizizi ilikuwa imeshapita kwenye matundu, imeshika ardhi. Akatukana kwa Kiha, tusi ambalo siliandiki, akaenda kuchukua jembe.

Niyonsaba akamshusha Deborah mgongoni. Akakaa chini kwenye tope, akaliegemea lile ua kwa bega, miiba na yote, akamtolea mtoto ziwa akaanza kumnyonyesha.

Bazilio akarudi na jembe, akasimama. Akatazama pembeni, maana ni mke wa mdogo wake na ziwa liko nje. "Sogea, shemeji."

"Mtoto ananyonya."

"Akimaliza?"

"Huyu mtoto wenu ananyonya polepole."

Mimi nikavuka wigo, nikakaa upande wa pili, nikamtoa Claude mgongoni. Hakuwa na njaa, lakini nilimpa tu. Hasira yote ya kiangazi ilikuwa imenijaa kifuani, nikamkazia macho Bazilio, anipige mimi kwanza. Mvua ikaanza tena, nyepesi. Hakuna aliyeinuka. Deborah akamaliza ziwa moja, mama yake akamhamishia la pili.

Bazilio akasimama na jembe lake, analowa. Mwishowe akasema, "Litajaa miiba. Watoto wataumia."

"Nitalipogoa."

"Na lisipande kwenye bati langu."

"Nitalisimikia mti lipande huko."

Akaegemeza jembe kwenye mgomba, akaenda zake. Hakuomba radhi, na mimi simsalimii mpaka leo. Niyonsaba anamsalimia, hata chakula humpelekea. Jioni ile alichukua lile jembe la Bazilio, akafukua pembeni, akakata bati la kopo kwa panga, kipande kwa kipande, akavitupa shimo la taka. Halafu akampigia simu mama yake Nyakitonto.

"Mama," akasema, "nimepanda."