Siku ya Kupandikizwa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa akipata mimba kama wengine tunavyopata mafua. Ya tano aliipata mwaka uleule nilipokwenda Nairobi kutafutiwa yangu ya kwanza. Nilimwonea wivu, tena wivu wa kunyima usingizi. Akipita uani kwetu Shelui, mkono kiunoni, analalamika, "Jamani, huyu naye ananichosha," natamani nimtoe kwa ufagio. Anakuchosha! Nipe mimi nichoke.

Hospitali za watu binafsi za kutibu ugumba zilikuwa zimeanza kuchipuka huko, na katika mojawapo mayai yangu yalichanganywa na mbegu za mume wangu. Kiinitete kilichofaa kikawa kimoja tu. Hicho kikiharibika, basi tena.

Nesi akasema, "Kesho tunakupandikiza. Unywe maji kiasi, kibofu kijae kidogo, daktari aone vizuri."

Mama mkwe, aliyenisindikiza, amezeeka kwenye kilimo cha vitunguu. Yeye alisikia neno moja tu, kupandikiza.

"Mche haupandikizwi kwenye tuta kavu, mwanangu. Lowesha!"

Nikalowesha. Nilikunywa mpaka nikawa natembea kama bata. Kitandani daktari akasukuma mrija wenye kiinitete, ukagoma. Kibofu kilikuwa kimefura, kimelisukuma tumbo la uzazi upande. Akajaribu tena, nikapiga kelele, "Mama yangu wee!" Ikabidi kiinitete kirudishwe chumba cha pili, nami nitolewe mkojo kwa mpira. Waliporudi, mlango wa kizazi ulikuwa umekaza kwa maumivu. Wakaushika kwa koleo, na mrija ukatoka na damu.

"Kimeingia," daktari alisema, lakini hakunitazama.

Nyuma ya pazia, mwanamke mwingine alikuwa amemaliza yake, anacheka na nesi. Nilimchukia na wala sikuuona uso wake.

Mama mkwe alinisubiri kwenye benchi. "Umelowesha?"

"Nimelowesha, mama."

"Mungu ashukuriwe."

Hakikushika. Damu ilinikuta nyumbani, nikifua. Wifi yeye akajifungua salama, mtoto wa kike, na tulipokwenda kumpa hongera akaniita mbele ya wanawake wote.

"Wifi, huyu nimempa jina lako. Usiseme tena huna mtoto."

Vigelegele! Mama mkwe akafuta machozi. "Haya, mpokee somo wako!"

Nikampokea. Alikuwa mzuri, Mungu wangu, mzuri wa kuudhi. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma, na wivu ukanipanda kuliko siku zote. Wote walidhani wamenipa zawadi. Jina langu lilikuwa limenichosha zamani. Wenzangu wote niliokua nao walishaacha kuitwa majina yao, wanaitwa mama fulani na mama fulani. Mimi nilikuwa nalitafutia hilo langu mtu wa kulifuta.